Nyumba ya Kimara, masta ndani ya mkuza

Mwaka 2013 tulikuwa tumepanga Manzese, vyumba viwili, mimi na baba Nasra na mtoto na mdogo wangu wa kike, choo tunachangia na wapangaji wengine wanne na asubuhi unapanga foleni na ndoo yako kama uko kisimani. Tulichoka. Baba Nasra akauza kashamba ka Mkuranga alikoachiwa na marehemu baba yake, mi nikaongezea hela yangu ya kikoba, tukakopakopa kidogo, ikafika milioni 38. Kwa hela hiyo Kimara nyumba ya kuhamia ulikuwa hupati, watu walikuwa wanataja 60, 70, bila aibu.

Jumamosi moja dalali akapiga. Mama Nasra kuna nyumba Kimara, vyumba vitatu, masta moja, maji yapo, anataka 40 na maongezi yapo, ila njooni leo leo maana kuna mtu wa Arusha anaitolea macho. Huyo mtu wa Arusha sijui ana shida gani, kila nyumba ya Dar nliyowahi kuonyeshwa na yeye alikuwa anaitaka.

Tukaenda. Enzi hizo mwendokasi haujaanza, barabara ya Morogoro imechimbuliwa yote, vumbi mpaka kwenye meno, kutoka Ubungo mpaka Kimara unaweza kusinzia ukaota ndoto ukaamka bado uko palepale. Tukashuka, tukachukua bodaboda kwa ndani. Nyumba yenyewe nzuri jamani. Sebule ina vigae, jiko kwa nyuma, mwembe mmoja mbele, na pembeni eneo kubwa liko wazi watoto wanacheza mpira na mama mmoja anamwagilia matuta yake ya mchicha. Nikasema mashallah, hewa yote hii. Nikainua macho kuangalia hewa ndo nikaziona. Nyaya nene, zimetanda juu ya hilo eneo, zinatoka kwenye mnara wa chuma huko bondeni zinapita karibu na paa la nyumba zinaenda kwenye mnara mwingine huko mlimani.

Dalali hata hakutikisika. "Hizo zinapita tu mama, zinakwenda zao Ubungo, hazina habari na wewe."

Mwenye nyumba alikuwa mzee mmoja mstaarabu, tumemwamkia, katukaribisha maji ya dafu, mkewe anaanua nguo kwenye waya nyuma ya nyumba. Akashuka mpaka 37. Baba Nasra akanivuta pembeni akaniambia mke wangu 37 Kimara, tutaipata wapi tena. Tukatoa kishika uchumba milioni moja na laki tano, ikaandikwa kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wakasaini, na mstari mmoja kwa chini ukasema mnunuzi akighairi hela hairudi. Tuliusoma huo mstari. Tulikuwa na furaha tu.

Sasa nenda kawaambie ndugu. Mama yangu akasema hapo mtapata kansa. Wifi akasema kansa na mimba zinatoka. Mjomba wangu wa Magomeni, ambaye hajawahi kukosa jibu, akasema umeme mkubwa unakausha damu. Nikakosa usingizi. Kazini kwetu steshenari kulikuwa na kompyuta ya intaneti, nikaanza kusoma mchana wateja wakipungua, na kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikaelewa kwamba taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 iliweka ile sumaku inayotokana na nyaya za umeme kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, huenda, na wasiwasi wenyewe ulitokana na saratani ya damu kwa watoto, halafu tafiti zenyewe zilikuwa zinaona uhusiano bila kuthibitisha kwamba nyaya ndo chanzo. Na kadiri unavyokaa mbali na waya ndivyo ile sumaku inavyopungua. Kilichonichekesha ni kwamba kahawa nayo wakati ule ilikuwa kundi hilohilo (2016 ndo wakaja kuitoa). Nikamwambia mjomba, anayekunywa kahawa chungu barazani vikombe sita kwa siku. Akasema wazungu hawajui kahawa.

Nikatulia kidogo. Ila Novemba vuli zikaanza na mama akasisitiza aione nyumba kwa macho yake kabla hatujamalizia hela. Tukafika jioni, mvua ya rasharasha, na kabla hata sijagonga hodi nikasikia sauti. Inatoka juu. Chwaaaa, mfululizo, kama mtu anakaanga vitumbua kwenye mafuta mengi. Mama akasimama akaangalia juu, akaniangalia mimi, hakusema kitu.

Tukazunguka nyuma kuona jiko. Mama alikuwa amelowa mikono, kashika ule waya wa kuanikia ili ainame apite, mara akaruka, "Mama yangu! Huu waya una mdudu!" Mke wa mzee akacheka kabisa, akasema, "Huwa unang'ata kidogo mvua ikinyesha mama, sisi tushauzoea."

Eti wameuzoea.

Usiku ule baba Nasra akampigia rafiki yake mmoja fundi umeme, walisoma wote, tukamleta Jumapili iliyofuata kama vile ni shemeji tu amekuja kuona nyumba. Kwanza akasimama nje akahesabu vile vikombe vinavyoshikilia waya kwenye mnara, akasema vikombe vikiwa vingi vile ujue msongo ni mkubwa, hii ni ile laini ya kilovoti 220 inayotoka Morogoro, imeleta umeme wa Kidatu mjini tangu miaka ya sabini huko. Akaenda nyuma akatoa tesita mfukoni, akaigusisha kwenye waya wa nguo. Ikawaka. Waya umefungwa kwenye miti miwili, haujaunganishwa na chochote, haugusi hata ukuta, na katesita kanawaka kekundu. Nasra akapiga makofi akidhani ni mazingaombwe. Fundi akasema waya mrefu ukikaa sambamba na laini kubwa unaokota umeme bila kugusana, si wa kuua, ukichimbia athi, yaani waya wa kuupeleka ardhini, unaisha, hata bati na fensi ya waya nazo wangezipigia athi. Hapo nikapumua, kumbe kitu chenyewe kina dawa.

Akaomba maji anawe. Kulikuwa na jiwe la zege limesimama nyuma pale, kama mguu wa meza hivi, mke wa mzee alikuwa anawekea sabuni na dodoki, juu limekuwa laini kwa kusuguliwa miaka yote hiyo. Fundi akanawa, akarudisha sabuni, akainama. Akalifuta lile jiwe kwa kidole gumba taratibu. Lilikuwa na herufi zimelika, kimebaki kipande cha mshale na kitu kama namba.

"Mzee, hii ni bikoni, jiwe la mpaka."

Mzee akasema ni jiwe, alilikuta. Fundi hakubishana, akapita upenyo kwenda kwa jirani akaikuta nyingine nyuma ya banda la kuku, akasimama pale akanyoosha mkono kutoka ile mpaka hii, na baba Nasra akaufuata ule mkono kwa macho ukipita ukutani. Jiko ndani. Choo ndani. Masta ndani. Sebule na vyumba viwili vya mbele nje. Yaani tungekuwa tunalala kwenye mkuza wa umeme, ile ardhi iliyotengwa kwa ajili ya laini, tunaamkia kunywa chai sebuleni kwetu.

Njiani fundi ndo akafunguka. Shemeji, mambo ya kansa muachie daktari, wewe jiulize waya ule ukikatika unaangukia nani, halafu siku wenye laini wakija na rangi nyekundu wakakuchorea X huna pa kulalamikia, kwa sababu laini imetangulia, nyumba ndo imeifuata. Baba Nasra alikuwa kimya mpaka Ubungo.

Kudai hela sasa. Mzee ustaarabu ukamwisha, akaonyesha ule mstari wa chini, mnunuzi akighairi. Tukasema hatujaghairi, umetuuzia chumba ambacho si chako. Tukapelekana ofisi ya serikali ya mtaa mara tatu, mwenyekiti akatusuluhisha arudishe laki tisa kwa awamu, na kwa kweli alirudisha, mara laki mbili, mara laki na nusu, ya mwisho ilipungua elfu 30 akafidia na jogoo. Tulimla Krismasi. Mgumu balaa. Dalali yeye hakupokea simu zetu tena, na hela yake ya kutupeleka saiti alishakula.

2014 tukapata pagala Msumi, huko Mbezi kwa ndani, tukaezeka tukahamia. Siku ya kwanza kwenda kuliona baba Nasra alishuka kwenye bodaboda akaanza na juu, akazunguka shingo imepinda mpaka mwenye kiwanja akamuuliza mzee unatafuta ndege? Juu hapakuwa na kitu. Safi kabisa, mbingu na mnazi. Hatukujiuliza kwa nini ni safi hivyo. Nguzo ya umeme ya karibu ilikuwa huko barabarani kwenye vituo vya bodaboda, na ikatuchukua miaka mitatu kuwasha taa, simu tunapeleka kuchaji dukani kwa shilingi 300, Nasra anasomea taa ya sola. Mama alivyokuja mara ya kwanza kulala akaamka usiku anapapasa ukutani anatafuta swichi.