Chui wa jirani yangu

Nianze na ushauri niliopewa, maana mpaka leo unanikera. "Usijilinganishe na mtu." Kila niliyemweleza shida yangu alinijibu hivyo hivyo: shoga yangu, kaka yangu, hata mama anayetuletea chai. Sasa jamani, mimi nachora Tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali. Nashinda kwenye benchi hapa Dar es Salaam, kushoto mchoraji, kulia mchoraji, na ukutani picha zetu sote zimetundikwa zikigusana. Mgeni anaingia, anatembeza macho, anasimama. Kwangu hasimami. Nisijilinganishe vipi, wakati kuanzia saa tatu asubuhi kazi yenyewe ndiyo hiyo?

Jirani yangu wa kushoto ni mtu wa chui. Ukimsogelea chui wake unaona kila doa limejengwa kwa vidoa vinne au vitano vilivyozunguka uwazi, kama ua, na vinazidi kuwa vidogo kadiri vinavyokaribia uso, mpaka kwenye paji la uso vinabaki nukta tupu. Chui wangu alikuwa kama mtoto mwenye tetekuwanga.

Ndugu yangu mmoja, katika kunitia moyo, akanihadithia habari za msanii George Lilanga wa Masasi, jinsi alivyokuwa mlinzi wa usiku pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, na baadaye kazi zake zikazunguka dunia. Nikamuuliza, na hiyo si kunilinganisha? Akanyamaza. Usiku nikapiga hesabu mbaya zaidi. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza kuchora 1968, akauawa kwa risasi ya polisi 1972. Miaka minne tu, vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, na mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Mimi naingia mwaka wa tisa, na watu bado wananiita "yule dada wa karibu na feni".

Basi nikafanya ujinga wangu. Nikaamua kama ni chui, na mimi nitachora chui, tena wa kwake. Nilikuwa nasubiri aende kuswali adhuhuri, natoa simu chapuchapu, napiga picha kazi yake: sikio, mkia, goti. Nyumbani nakuza picha kwa vidole viwili mpaka inachuja. Ilikuwa masika, rangi ya mafuta haikauki ng'o, nikawa nazilaza picha uvunguni mwa kitanda. Moja paka aliipitia; ikawa na nyayo zake juu ya nyayo za chui. Miezi miwili nimekula rangi na vitambaa vya pesa ambayo sitaki hata kuijumlisha, laki mbili na ushee hivi.

Mwishoni akapatikana mmoja. Alikuwa mzuri, nasema mwenyewe. Nikamtundika, na saini nikaificha katikati ya majani, ndogo kama sisimizi. Hata siku mbili hazikupita, mama mmoja wa Kizungu akaja, akampenda papo hapo, hakubishana bei. Halafu akamfuata jirani yangu, akamshika mkono kumpongeza. Akanipa mimi simu yake niwapige picha: yeye, jirani, na chui wangu katikati. Nikawapiga. Nikawaambia wacheke kidogo.

Tulipokuwa tunaizungushia magazeti, jirani akainamisha kichwa, akaniuliza taratibu: "Hivi dada, hii niliichora lini?"

Hapo sijui ndiyo nilisifiwa au ndiyo nilizikwa. Ile hela ilinunua gesi na viatu vya mtoto, lakini haikunipa raha hata ya soda.

Kilichonisaidia ni daftari, haya ya shule ya mia tano. Nikajipa sharti: wivu ukija, niandike ni wivu wa nini hasa. Siku ya kwanza niliandika "kila kitu". Nikakata. Nikaandika "chui". Nikakata. Nikaandika "sikio la chui, pale ndani linapokuwa jeusi". Kumbe ndege wake siwaonei wivu hata kidogo; mikia yao ni mifagio. Baada ya wiki tatu hivi vilibaki vitu vinne: sikio, madoa, anga lake linavyofifia bila kuacha mstari, na usingizi anaoupata mchana chini ya meza. Vitatu vya kwanza ni ufundi. Ufundi unaulizwa.

Nikamuuliza. Wala hakuficha. Akanionyesha brashi yake: ameinyoa kwa wembe zimebaki nywele chache za kuhesabu, na rangi ameilegeza zaidi kuliko mimi. Nikaona nimwage yote, nikamwambia nimeshindana naye miaka miwili. Akashangaa. "Na mimi? Za kwako hata sijawahi kuziangalia vizuri, mdogo wangu. Nikinyanyua macho chui wangu anaharibika."

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikalala kama mtoto.

Kuna mengine madogo. Picha ikikuchosha igeuze kichwa chini miguu juu, au iangalie kwenye kioo. Kosa litajitokeza lenyewe, na utaacha kusema "sijui kuchora", utasema "shingo imepinda". Simu sikuacha, maana wateja wako humo, ila baada ya isha sifungui picha za wenzangu. Chui wangu wa kwanza kabisa, wa tetekuwanga, nimemtundika chumbani. Na saini naiandika pale inapoonekana.

Siku hizi nachora pweza. Nimezaliwa Mafia, pweza nimewatoa mwambani kwa mikono yangu, nikawaponda mpaka wakalainika, nawajua kuliko chui ambaye sijawahi kukutana naye. Na ile brashi ya kunyolewa inafanya vinyonyeo vyake vizuri ajabu, vikubwa huku juu, vikipungua mpaka ncha ya mkono. Vinachukua siku nzima, mgongo unauma.

Wiki iliyopita mgeni kaingia, kapita pweza wangu, kasimama kwa jirani, kanunua chui wawili kwa mpigo. Roho ilinidunda, sidanganyi. Nikafungua daftari niandike ni wivu wa nini hasa. Nikaandika "hela". Nikalifunga, nikarudi kwenye mkono wa sita.