Tulivyoichagua Siku ya Kwenda Takwa

Mwaka 2005 nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mjini Lamu, nikapewa kazi ambayo kwenye karatasi ilionekana nyepesi sana: kupanga tarehe ya kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili kuyaona magofu ya Takwa, ng'ambo ya pili, katika kisiwa cha Manda. Ilikuwa mwezi wa Mei, mvua ya mwaka inapiga mabati ya chumba cha walimu hata mtu hamsikii mwenzake, na kila aliyekuwamo alikuwa na rai yake. Mwalimu mkuu alitaka twende Juni, kabla ya mitihani, kwa kuwa fedha za safari zilikuwa tayari na fedha ya shule ikikaa hupata kazi nyingine. Mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Taita aliyekuwa akifundisha jiografia, alishikilia Desemba, kwa hoja kwamba wageni wote wanaolipa nauli ya ndege kuja Lamu huja kati ya Desemba na Machi, na haiwezekani watu wote hao wawe wamekosea.

Hoja yake haikuwa dhaifu. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini wa kati ya Desemba na Machi, bahari hutulia, anga huwa safi, na hata upande wa Manda unaotazama bahari kuu, ambako mawimbi ya kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, huvunjika kwa kishindo, mtu anaweza kuingia majini bila hofu. Lakini mgeni anayepumzika chini ya mwavuli si sawa na vijana wanaotakiwa kutembea kati ya kuta, kupima vyumba kwa hatua na kuandika, katika mji usiobakiwa na paa hata moja. Joto la kaskazi huongezeka tangu Desemba mpaka likafikia kilele chake mwezi Machi, na kuta za matumbawe na chokaa hulipokea jua tangu asubuhi na kulirudisha usoni mwa anayepita. Juni nayo niliiona mbaya zaidi: mvua bado haijaisha vizuri, nyasi zimefika magotini na kuifunika misingi ya nyumba ambayo ndiyo tuliyokuwa tukienda kuiona, mbu wamejaa mikokoni, na kusi ndiyo kwanza inapata nguvu.

Nilikwenda kumwuliza ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, aliyekuwa nahodha wa mashua tangu ujana wake. Nilimkuta ufukweni akikalafati, yaani akiziba kwa pamba nafasi za mbao za mashua, kwa sababu wakati wa mvua ya mwaka vyombo vingi hupandishwa pwani kutengenezwa. Nilimwamkia, nikamweleza mabishano yetu ya shuleni, kisha nikamwuliza ni mwezi gani unaofaa kwenda Takwa.

"Miezi ya ukutani hiyo niwekee kando," alinijibu bila kuinua macho. "Takwa huendi kwa mwezi, huenda kwa maji. Uliza kwanza itakuwa mwezi ngapi."

Alikuwa na maana ya siku ya ngapi tangu mwezi kuandama. Asiyepata kufika huko huenda asielewe kwa nini neno lile lilinifunga kinywa. Njia ya kufikia Takwa kwa chombo ni kupitia hori refu lenye mikoko pande zote mbili, ambalo limeingia ndani ya Manda hata likakaribia kukigawa kisiwa mapande mawili. Maji yakijaa, mashua yenye watu wengi hupita bila taabu. Yakitoka, hubaki matope na mizizi, na aliyechelewa ndani hana budi kungoja maji mengine. Mimi nilizaliwa Lamu na jambo hilo nalijua, lakini nilikuwa nimelipanga mwisho, kama dogo la kumalizia baada ya mwezi kuchaguliwa, na ami alilitanguliza mbele ya yote.

Alinieleza hesabu yake taratibu, huku pamba ikiingia kati ya mbao. Bamvua, maji makuu yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, na kwetu Lamu maji ya bamvua hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, yakapwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Maana yake ni kwamba siku ya bamvua hori limejaa pomoni wakati shule imefungwa, na ni kavu wakati ambao mwalimu angependa awe katikati ya magofu. Maji mafu, ya mwezi saba au nane na ya mwezi ishirini na mbili au tatu, hujaa kabla ya adhuhuri, saa ambayo ingetufaa, ila hayapandi vya kutosha, na mashua iliyojaa vijana itagusa chini kabla ya kufika. Iliyobaki ni njia ya kati. Kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa muda unaokaribia saa nzima, siku nne au tano baada ya mwezi mpevu hujaa baada ya saa moja asubuhi, nayo bado yana kimo. Chombo kinaweza kuingia kabla hayajafika ukomo wake, watu wakashuka, wakakaa zaidi ya saa mbili jua likiwa bado changa, wakatoka kabla hori halijawafungia. Siku hiyo, akasema, ni mwezi kumi na tisa au ishirini.

Hapo nilidhani amemaliza, kumbe hiyo ilikuwa nusu tu. Mwezi kumi na tisa hupatikana kila mwezi. Upepo haufuati mwezi huo, kwa hiyo lazima uhesabiwe kwa mwaka mwingine. Wazee wa pwani walikuwa na mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, ambao kwa siku zetu huangukia mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, na siku zake huhesabiwa kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Kwa miongo mabaharia walijua lini kusi itakaza, lini itaregea, na lini chombo kisitoke. Ami alihesabu kwa vidole vyenye mafuta ya kalafati akaniambia kwamba miongo ya mwanzo ya mwaka mpya ndiyo inayofaa: mvua kubwa imekwisha, nyasi zimeanza kukauka, baridi ya kipupwe bado ipo kidogo, na kusi imeanza kuchoka kuelekea demani, majira ya upepo mwanana. Juni na Julai, alisema, tungefika Takwa tumelowa na nusu ya watoto wametapika, kwa sababu mbele ya Shela, kijiji cha kisiwani Lamu kinachotazamana na Manda, mkondo unatazamana na bahari kuu na kusi huliinua wimbi pale bila huruma.

Nilirudi nyumbani nikazilinganisha kalenda zote tatu, ya shule, ya mwezi na ya Nairuzi, mpaka nikaipata siku ambayo zote ziliridhika: mwezi kumi na tisa wa Rajabu, katika juma la nne la Agosti, ndani ya likizo, na kabla ya Ramadhani. Mwalimu mkuu alipoisikia tarehe hiyo alicheka, kwani hajapata kuona safari ya shule iliyoanza na Rajabu, lakini aliipitisha, na fedha, kwa rehema za Mungu, hazikupata kazi nyingine.

Tuliondoka gatini baada ya sala ya alfajiri, kila mwanafunzi amevaa jaketi la kuokolea na wengi wamevaa fulana nzito juu yake, jambo ambalo asingeliamini mtu aliyeijua Lamu ya Februari peke yake. Mbele ya Shela chombo kiliyumba mara chache tu. Tulipoingia horini ami alizima mashine, akampa baharia wake upondo, nasi tukaendelea kwa kusukumwa, maji yakiwa yamepanda mpaka katikati ya mikoko. Sisemi mengi juu ya njia ile. Wanafunzi walinyamaza wenyewe, na mwalimu yeyote anajua thamani ya hilo.

Takwa ilikuwa mji wa Waswahili uliostawi katika karne ya 15, 16 na 17, kisha ukahamwa, na wengi wa watu wake wakavuka kwenda kukaa Shela. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimbua mwaka 1951, na sasa uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kuna mabaki ya nyumba zaidi ya mia moja ndani ya ukuta wa mji, na milango yake imeelekezwa kaskazini. Kwa mtu wa Lamu kaskazini ndiyo kibla, kwa sababu Makka imekaa karibu sawasawa juu yetu, na tofauti ya longitudo haifiki hata digrii mbili. Kwa kuwa nyasi zilikuwa zimelala, vijana waliweza kuifuata misingi kutoka nyumba hadi nyumba na kuiona mitaa. Ninaamini kwamba somo zima la siku ile lilikuwa katika hilo: wangekuja Juni wangeuona msitu wenye kuta, bali Agosti waliuona mji.

Msikiti wa Ijumaa ndio jengo lililosalia vizuri kuliko mengine, na una jambo ambalo ni nadra pwani yote, nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Wapo wanaodhani kwamba iliwekwa kwa ajili ya mtu mtukufu aliyezikwa hapo. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la mnara lenye maandishi yanayotaja mwaka 1094 wa Hijria, yaani katika miaka ya 1680, ambayo ni karibu na mwisho wa maisha ya mji wenyewe. Mlinzi wa magofu aliwaeleza wanafunzi kwamba watu wa Shela wangali huja hapo kuomba mvua, na kijana mmoja, mkaidi kidogo lakini mwenye akili, akauliza kwa nini mvua iombwe mahali palipohamwa.

Mlinzi hakumjibu kwa maneno. Alitupeleka kisimani, akateka maji, akamwambia aonje, na yule kijana akayatema. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwa Takwa, pamoja na ugomvi na Pate, mji wa kisiwa jirani, ni maji ya visima kugeuka chumvi, na Manda mpaka leo ni kisiwa kikavu cha maji matamu, ilhali upande wa pili machuguu ya mchanga ya Shela huyanyonya maji ya mvua na kuyahifadhi, na ndiyo yanayounywesha mji wa Lamu. Niliwakumbusha kwamba tulikuwa tumetoka katika mvua kubwa majuma machache tu yaliyopita. Kama hayo ndiyo maji ya Takwa wakati kisima kimekwisha kunyeshewa, na wakadirie wenyewe ya Machi. Walikaa pembeni mwa kisima wakiandika kwa muda mrefu kuliko nilivyowapangia, nami niliwaacha, ijapokuwa kaburi la mnara lilipata muda mfupi kwa sababu hiyo.

Saa tatu ami alituma mtu kutuita. Tulipofika chomboni mizizi ya kwanza ilikuwa imeshaonekana, na mahali pawili baharia alilazimika kushuka kusukuma, lakini tulitoka, na kabla ya saa tano wanafunzi walikuwa gatini Lamu wakinunua mabuyu.

Mwenzangu wa Taita hakuja nasi, alikuwa kwao likizoni. Desemba ya mwaka huohuo, kwa ukaidi wake, aliwachukua mke na watoto akaenda Takwa siku ya bamvua, akaingia horini saa tisa alasiri na kutoka magharibi. Januari alinijia chumba cha walimu na picha mkononi. Ilikuwa picha ya mihrabu, na lazima nikiri kwamba ilikuwa nzuri kuliko yoyote tuliyoipiga sisi. Mwezi Agosti jua hupita upande wetu wa kaskazini, likauangaza mgongo wa ukuta wa kibla, na ndani mihrabu hubaki kivulini. Desemba jua limekwenda kusini, na katika msikiti usio na paa huingia moja kwa moja mpaka ndani ya mihrabu na kuonyesha kila pindo la nakshi ya matumbawe. Jiografia ilikuwa upande wake, na alilijua hilo kabla ya kuondoka.

Nilimwuliza kama aliiona mitaa ya mji. Akasema vuli ilikuwa imeotesha nyasi tena, hakuiona, lakini watoto wake walioga bahari kuu, jambo ambalo wanafunzi wangu wasingethubutu Agosti. Nilimwambia kwamba hakuna mtu anayekwenda Takwa kuoga. Akanijibu kwamba watu wa Takwa wenyewe, waliokaa pale zaidi ya miaka mia mbili, lazima walioga mahali fulani, na si kwa maji ya kile kisima.