Nilivyofanya mpaka miguu ikaacha kunigomea Jumapili

Mimi nakimbia wikiendi, Jumamosi ile ndefu na Jumapili ya spidi, sasa ishu ilikua hiyo Jumapili. Pumzi ipo, mapigo yako poa, ila miguu haitaki, kamlima kadogo tu mapaja yanakua mazito balaa. Niliambiwa nilale zaidi, ninywe maji zaidi, nikafanya yote na wapi. Kilichonitoa hapo ni kuielewa glaikojeni.

Hiyo ni sukari ya akiba. Kwenye ini inakaa kama gramu 100 hivi, kwenye misuli yote kama gramu 400 mpaka 500. Ini linagawa, likiona sukari kwenye damu inashuka linatoa, lakini msuli ni mchoyo kupita maelezo, hauna kile kimeng'enya cha kuiachia glukosi irudi kwenye damu, kwahiyo kilichoingia kwenye paja kitatumika humohumo kwenye paja. Yaani unaweza ukawa na mikono imejaa akiba na miguu imekauka na hakuna wa kumkopesha mwenzake.

Halafu kuna jaribio moja nalipenda sana, la 1966 huko Uswidi, watafiti wawili, Bergström na Hultman, walijifanyia wenyewe, wakapanda baiskeli moja, huyu anakanyaga kwa mguu mmoja upande huu na yule upande ule, mguu wa pili umepumzika tu, mpaka wakachoka kabisa. Baada ya hapo siku 3 ni wanga kwa wingi, huku wanatoa vipande vidogo vya msuli pajani kwa sindano (roho ngumu hiyo). Mguu uliofanya kazi ukajaza kama mara mbili ya ule uliopumzika! Damu ileile, msosi uleule. Kwahiyo msuli uliokaushwa ndo unaovuta, na unavuta hadi kupitiliza.

Na unavuta kwa pupa zaidi ukiwa ndo umetoka kazini. Msuli ukijikunja unapandisha milango ya glukosi, inaitwa GLUT4, mpaka kwenye ukuta wa seli, na kwa dakika 30 mpaka 60 za mwanzo sukari inaingia hata bila kusubiri insulini (homoni inayoingiza sukari kwenye seli), baada ya hapo inakua taratibu na insulini inahitajika. Ila hata ufanye kila kitu sawa, kujaa kabisa ni kama saa 24.

Mimi Jumamosi nilikua nakimbia jioni, Jumapili asubuhi natoka tena, hesabu inagoma yenyewe. Nikahamishia Jumamosi asubuhi na Jumapili nikaisogeza mbele kidogo. Cha pili, nikimaliza tu sikai kupiga stori, naanza wanga, gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kila saa kwa saa 4 za mwanzo, mimi nina kilo 65 kwahiyo ni gramu 65 kwa saa, nikawa nasoma nyuma ya pakiti na kupima kwenye kamizani mpaka jicho likazoea. Saa ya kwanza naichukua kwa kinywaji maana tumbo linakua halitaki kitu kigumu. Protini nakula ila kwa ajili ya kukarabati msuli, wanga ukitosha haiongezi glaikojeni.

Mizani itakutisha, Jumapili asubuhi unakuta umepanda karibu kilo nzima ukilinganisha na jana yake ulivyomaliza. Sio mafuta hayo, kila gramu ya glaikojeni inakaa na maji kama gramu 3, acha ikae.

Miguu ikarudi, sio kama ya mtu aliyepumzika wiki lakini mlima napanda bila kusimama. Isipokua Jumamosi ikiwa na miteremko mingi, hapo msuli unachanika chanika na ukiumia hivyo unajaza polepole hata ule vipi, kwahiyo Jumapili ya namna hiyo spidi naiacha, najikokota tu kidogo narudi.