Siku tulipoigeuza chesisi ya Afande

Land Rover za zamani zina ujanja wa kudanganya watu. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, haishiki kutu. Waingereza walipoanza kuzitengeneza mwaka 1948 chuma kilikuwa bado cha mgao baada ya vita, wakatumia walichokipata. Ndiyo maana unaweza kukutana na gari la miaka arobaini au hamsini, milango imenyooka, boneti safi, na mwenye nalo anakwambia kwa kujiamini, "Hii iko vizuri, inataka rangi tu." Chini yake sasa. Chesisi, yaani mifupa inayobeba gari zima, ni ya chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani, na kutu inaanzia huko ndani ikija nje. Ukiiona kwa nje, ujue imeshashiba.

Ya Afande ilikuwa hivyo hivyo. Afande alikuwa dereva mstaafu wa jeshi, mkazi wa Usa River, na hilo gari alilinunua mnadani kabla mimi sijaanza shule. Lilikuwa 109, yaani ile ndefu, inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, toleo lililoundwa kwa ajili ya jeshi. Matangi ya mafuta mawili, moja chini ya kila kiti cha mbele. Nyuma ndoano nene ya kuvutia trela, imefungwa kwa bolti nne. Na chini ya bodi kwa nyuma kulikuwa na kitaa kidogo kinachomulika chini badala ya kumulika nyuma, na kibonge cha difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, kimepakwa rangi nyeupe. Kazi yake Afande alinieleza mwenyewe: msafara ukitembea usiku taa zimezimwa, dereva wa nyuma anafuata kile cheupe tu. Raia mmoja alishawahi kukipaka rangi nyeusi juu yake, tukakikuta tulipokwangua.

Hiyo ilikuwa mwaka 2014, gereji yetu iko Unga Limited, Arusha, na mimi ndio kwanza nimetoka chuo cha ufundi cha VETA na cheti cha kuchomelea ambacho mzee wa gereji hakuwahi kuomba kukiona.

Kuvua bodi hakukuwa na hadithi. Bolti zilizokubali zilifunguka, zilizokataa tulizikata kwa grenda. Pale aluminiamu ilipokuwa imekaa juu ya chuma moja kwa moja palikuwa na unga mweupe kama dawa ya meno iliyokauka, bati limeliwa. Mzee akapita na nyundo ndogo akigonga chesisi kuanzia mbele kwenda nyuma. Penye uzima inalia, penye kutu inatoa mlio wa kopo. Boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano, nyundo ilizama.

Kwa kawaida kazi ya namna ile mjini kwetu inafanywa hivi: chesisi inawekwa juu ya mapipa mawili, fundi analala mgongo chini yake, anachomelea huku cheche zikiingia kwenye kola. Ukitaka upande wa pili unaita vijana wanne, mnaigeuza kwa nguvu na kelele. Kwenye gereji moja ya jirani chesisi ilishamwangukia kijana mguuni. Na ukichomelea ukiwa umetazama juu, chuma kilichoyeyuka kinataka kurudi kwako, hakitaki kukaa kwenye kiungo. Unapata mshono wenye matundu, unaufunika kwa rangi, unamkabidhi mteja. Mimi nasema wazi, chesisi nyingi zinazoitwa zimefanyiwa ukarabati zimefanyiwa upande unaoonekana tu.

Mzee akasema hii hatuifanyi kwa mapipa. Tunaunda fremu ya kuizungusha.

Vichwa vya fremu tulivitoa kwenye ekseli ya skrepa, ya Land Rover vilevile. Hapa ndipo nilipomvulia kofia yule mzee. Watu wengine wanaingiza bomba ndani ya bomba, wanapaka grisi, basi. Yeye alichukua habu mbili za nyuma, yaani vitovu vya magurudumu, pamoja na beringi zake, dramu zake na sahani zake za breki. Kila nguzo, chaneli ya inchi nne iliyosimama juu ya mguu wa umbo la T, ikachomelewa kipande cha ekseli juu, habu inaangalia ndani. Beringi zile zimezoea kubeba gari zima na mzigo, chesisi tupu kwao ni mzaha. Na breki ikawa kufuli: kwenye Land Rover hizi kuna nati ya kurekebishia breki nyuma ya sahani, ukiizungusha kwa spana kiatu cha breki kinasukumwa kwenye dramu. Unaigeuza chesisi hadi pembe unayotaka, unakaza nati, imeganda.

"Hata hivyo weka pini," akaniambia. "Breki ni ya kufanyia kazi. Pini ni ya kukurudisha kwa mama yako."

Tukachonga sahani ya chuma yenye matundu kuzunguka, pini tukaikata kutoka kwenye bolti ya springi.

Kuzilinganisha nguzo mbili zitazamane sawasawa kulichukua muda kuliko kuchomelea. Zikipishana hata kidogo, chesisi inazunguka robo halafu inabana, au mbaya zaidi inapinda. Lakini shina la habu lina tundu katikati, ndimo ekseli ya ndani inamopita. Mzee akapitisha mshipi wa kuvulia samaki kutoka tundu la nguzo moja hadi la nyingine, akauvuta ukakaza, akawa anachungulia huku na huku, mimi nikigongagonga miguu ya fremu kwa nyundo. Mshipi ulipopita katikati ya matundu yote mawili bila kugusa popote, tukaunga nguzo kwa chini na bomba mbili zinazoingiliana, ili fremu irefuke kwa 109 na ifupike kwa 88, ile Land Rover fupi. Magurudumu tuliyafikiria tukayaacha, sakafu yetu ilikuwa moramu.

Majirani walikuja kutazama. Wote walisema kitu kimoja, kwamba tunajiandaa kubanika mbuzi, na mbuzi mwenyewe atakuwa mkubwa sana. Afande hakucheka. Alifika siku moja akakuta gari lake vipande vipande pembeni na sisi tumeinamia nguzo.

"Nimeleta gari mtengeneze gari. Hayo madude mengine ni ya nani?"

"Ni ya gari lako, Afande."

"Nayalipia mimi?"

"Chuma nalipia mimi, Afande. Wewe unalipia subira."

Aliondoka bila kuaga.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lingetuumbua kama mzee hangeliona mapema. Fremu inashika chesisi kwenye ncha: mbele kwenye matundu ya bampa, nyuma kwenye matundu manne ya ndoano. Sasa ile boriti ya nyuma ndiyo iliyooza. Huwezi kuning'iniza chesisi kwa kitu unachotaka kukikata. Kwa hiyo boriti tuliibadilisha kwanza, chesisi ikiwa chini, tumeipigia pima maji, tumechukua vipimo vya mshazari kutoka kwenye vishikio vya springi, na tumeibana kwa angle ya chuma isije ikapinda wakati wa moto. Hiyo ndiyo sehemu pekee niliyochomelea nikiwa nimelala.

Siku ya kugeuza tuliinyanyua vijana wanne, tukafunga bolti, mzee akalegeza breki. Chesisi ikageuka yenyewe tumbo juu na kukaa hapo ikipepesuka. Maana yake uzito ulikuwa juu ya mhimili. Hili alikuwa amelitegemea: mikono inayoshika chesisi alikuwa ameitoboa safu ya matundu, ili chesisi ipandishwe au ishushwe dhidi ya habu. Tukaishusha tundu moja. Ikageuka tena, polepole. Tukaishusha nyingine. Safari hii mzee aliisukuma kwa kidole hadi ikasimama ubavu, akaiachia. Ikabaki pale pale. Akaisukuma tena, ikabaki. Akaniita niishike. Chuma kile ambacho nusu saa kabla kilitutoa jasho watu wanne kilizunguka kwa mkono wangu wa kushoto.

Halafu ikaanza kutapika. Tulipoizungusha mzunguko mzima wa kwanza, ndani ya maboksi kulisikika mchanga unakimbia, ukatokea kwenye matundu ya kutolea maji ambayo yalikuwa yameziba miaka yote: vumbi jekundu, vipande vya kutu vyembamba kama maganda, nyumba za udongo za nyigu, nati moja ya shaba ambayo hakuna aliyejua ilitoka wapi. Tuliizungusha huku tukiigonga mpaka mlio ukawa wa chuma kitupu. Ndoo mbili hazikutosha.

Na juu ya reli za chesisi, pale bodi inapokaa, mahali ambapo ukilala chini huwezi kupaona na ukisimama bodi inakuzuia, palikuwa na mashimo mawili ya kupitisha kidole. Juu ya mapipa tusingeyaona.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya raha. Kila mshono niliuleta juu ukanitazama, nikachomelea kwa kulaza, fimbo za milimita 2.5, bati la milimita 2 sawa na la chesisi yenyewe. Wako mafundi wanaoweka kiraka cha milimita nne wakidhani ndiyo nguvu. Kiraka kigumu kinakataa kujipinda pamoja na wenzake, na ufa unatokea ukingoni mwake. Moto ulipokwisha kabisa, na si kabla, tulipasha oili chafu ya gia, tukaimimina ndani ya maboksi, tukaziba matundu kwa matambara na kuizungusha chesisi asubuhi nzima ili kila ukuta wa ndani ulambe. Sijaona njia nyingine ya kufika humo.

Afande alipoletewa gari lake la kijani hakuangalia rangi. Alitandika kanga ya mkewe chini, akaingia uvunguni na tochi, tukawa tunaona viatu vyake tu. Alipotoka alisema kile cheupe cha difu kimekaa sawa, akalipa iliyobaki yote.

Fremu bado ipo. Mzee anaikodisha kwa gereji nyingine, amana kwanza, maneno baadaye, na huwa anaihesabu pini mbele yako ikitoka na ikirudi. Fundi mmoja wa Majengo aliirudisha bila pini, akaambiwa jeki yake itabaki pale kwanza. Jumatatu alileta pini, akachukua jeki.