Ami, tochi na dishi la Chukwani

Ndugu yangu alitaka intaneti ya duka lake la Mazizini ifike nyumba yake ya wageni Chukwani. Madishi mawili ya kurushiana mawimbi ya redio, moja kila paa. Kuyalenga yatazamane hakukunisumbua. Kazi ilikuwa ami, aliyenisubiri barazani: "Mwanangu, utatuangushia ndege. Si zinapita hapa juu?"

Kweli zinapita, Kisauni uliko uwanja wa ndege wa Zanzibar si mbali. Nikajitia uhodari: redio ya dishi langu haifiki wati moja, na rada kubwa za viwanjani hupiga hadi wati milioni moja kwa mpigo. Akanitazama tu.

Usiku umeme ukakatika. Nikatoboa tundu la mraba kwenye boksi la biskuti, nikaweka tochi nyuma yake, nikamulika ukuta wa vigae. Mwanga ukajaa kigae kimoja. Nikarudi mpaka umbali ukawa mara mbili. "Hesabu, ami." Vinne! Mara tatu, tisa. Mwanga ni ule ule, lakini kila kigae kinapata pungufu; na mawimbi ya redio hufifia vivyo hivyo.

"Na dishi, si linakusanya?"

Hapo alinibana. Linakusanya, ndiyo maana hatusimami mbele yake. Nikamwambia na la 1990, North Carolina, Marekani: chombo cha puto chenye injini kilipita kwenye mwale wa mitambo ya Voice of America, injini zote mbili zikazimika. Lakini ile ni mitambo ya kuvusha sauti bahari, si ya wageni kuangalia picha.

Nikadhani nimeshinda. Kumbe redio hizi za gigahezi 5, kwenye masafa ya mawimbi zinayogawana na rada, hutega sikio dakika nzima kabla ya kurusha. Zikisikia mipigo ya rada huhama, na hapo hazirudi kwa nusu saa. Yangu ikawa inahamahama, wageni wakanuna. Fundi mmoja mjuaji akanishauri: "Redio hufuata sheria za nchi uliyoichagua. Badilisha nchi kwenye mipangilio, itaacha kusikiliza." Nikafanya! Siku mbili raha tupu, nikamsimulia ami kwa maringo.

"Kwa hiyo wewe huisikii rada, lakini rada inakusikia wewe?"

Mzee wa kahawa na bao, huyo. Alfajiri nikarudisha nchi yetu na kuhamia juu ya megahezi 5725, nje ya masafa ya rada. Pale ndipo ningeanzia. Imetulia mpaka leo.

Gharama? Kama laki tano na ushei, nyingine deni. Tochi na boksi anavyo ami. Kila umeme ukikatika anawahesabisha wenzake vigae.