Siku moja maishani mwangu: mlezi wa watoto Naliendele, Mtwara

Saa 11 alfajiri
Naamka upepo wa kusi, ule unaotoka kusini-mashariki, bado haujashika kasi. Mwezi wa 7 huu, na huku kwetu saa kama hizi ndo unasikia mashine za salfa, dawa ya unga ya mikorosho, zinanguruma mashambani, wakulima wanawahi kupulizia mikorosho upepo ukiwa umetulia, ugonjwa wa ubwiriunga ukiingia kwenye maua msimu umeisha. Naelewa kabisa, na mimi ada yangu ya sekondari ililipwa na korosho. Ila nikishasikia zile mashine najua leo kuna watoto watakuja wamebeba harufu ya salfa kwenye nguo.

Saa 12 na nusu
Nafika kituoni, kitu cha kwanza madirisha. Nafungua yote, ya upande huu na ya upande wa pili, kwa sababu dirisha la upande mmoja tu halikusaidii, hewa inaingia inakosa pa kutokea inakaa hapohapo. Halafu nalowanisha tambara napiga deki. Ufagio mkavu ndani nimeupiga marufuku, vumbi letu hili jekundu ukilifagia kavu linapanda juu linakaa hewani mpaka watoto wanafika, na mtoto anayetambaa pua yake iko sentimita chache tu kutoka sakafuni.

Saa 1 asubuhi
Wanaanza kuingia, wengine kwa bodaboda, wengine mgongoni. Kila mtoto namfuta kamasi kwa kitambaa cheupe na naangalia rangi. Wazazi wanafikiri ni usafi tu. Kiukweli kamasi likiwa na masizi najua huko nyumbani wamelala na kibatari au mama amepika kwenye chumba kimoja na wanapolala. Simsemi mtu mbele za watu, namvuta pembeni, "mama, jana mlipikia wapi?" Mara nyingi jibu ni hilohilo, nje kulikuwa na upepo tukaingiza jiko ndani.

Leo mama mmoja ameleta mwanae wa miaka 2, kijana mchangamfu sana siku zote, leo kanyamaza tu na analaza kichwa begani kwa mama. "Mafua tu ticha, ni hii baridi ya kusi." Nikasema sawa, nikamuandika kwenye daftari.

Saa 3
Uji. Hapa niwaambie habari ya jiko letu maana imetuchukua mwaka mzima. Zamani jiko la kuni lilikuwa upande wa kusini mwa jengo, kwaiyo kuanzia mwezi wa 5 kusi likianza moshi wote unaingia kwenye chumba cha kulala. Tukalihamishia kaskazini tukajipongeza. Ilipofika Disemba, upepo wa kaskazi ukaanza, moshi huooo unarudi ndani kwa dirisha la pili. Ndo bibi wetu wa jikoni, ambaye baba yake alikuwa mvuvi wa Mikindani, akasema nyie wanangu pepo zote mbili hizi zinatokea upande wa bahari, pelekeni jiko magharibi. Tukapeleka. Mpaka leo kuni hazijarudi kutusumbua chumbani, na hiyo haikutugharimu hela yoyote zaidi ya kubeba mawe matatu na mabati.

Uji sasa tunapikia gesi, tumenunua mtungi, ila maharage na ming'oko (viazi pori vya huku kwetu) bado ni kuni kwa sababu vinachukua muda na gesi inaisha haraka. Kuna gesi asilia inatoka ardhini hapahapa mkoani kwetu, Mnazi Bay kule Msimbati, inasafishwa Madimba na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar. Sisi tunanunua mtungi, na hiyo ni gesi nyingine inayoagizwa nje ya nchi. Natamani sana siku moja bomba lifike mpaka kwenye vituo vya watoto. Serikali imeshapanga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mimi nasema waanze na sehemu wanapolala watoto.

Saa 5
Michezo nje chini ya mwembe. Hapa sina la kusema, hewa ya nje ni nzuri na wanakimbia.

Saa 6 na nusu mchana
Muda wa kulala, na huu ndo muda ninaoupigania kuliko wote. Watoto 28 kwenye chumba kimoja, kila mtu akija anataka kufunga dirisha, "watapata nimonia kwa upepo". Jamani nimonia ni vijidudu vinavyoingia kwenye mapafu, na moshi na msongamano ndo vinavyovipa nafasi. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Hii namba nimeibandika ukutani ofisini.

Mbu nao. Zamani tulikuwa tunawasha ile dawa ya kuzungusha, ya kijani, inatoa moshi taratibu na watoto wamelala mita moja tu hapo. Kuna utafiti ulitoka 2003 walipima za China na Malaysia, wakakuta dawa moja ikiungua mpaka mwisho vumbi lake laini linafikia la sigara 75 hadi 137. Siku niliyosoma hivyo nilikaa chini. Mzazi gani angekubali mtu avute hata sigara 1 chumbani kwa mwanae? Sasa ni chandarua kubwa juu ya magodoro, na nyavu za madirisha tunaziosha kila Ijumaa maana zikijaa vumbi dirisha linakuwa kama ukuta.

Nina kipimo kimoja hakihitaji mashine. Natoka nje nasimama dakika 2 navuta hewa, halafu naingia ghafla. Ukiwa ndani muda wote pua inazoea haikwambii kitu. Ukitoka ukarudi ukakuta harufu nzito ya jasho na mikojo, hewa haizunguki, fungua na mlango.

Saa 7 na robo
Yule kijana wa asubuhi hajalala vizuri. Nikamfunua fulana, nikaweka simu dakika 1 kamili, nikahesabu pumzi kwa kuangalia tumbo linavyopanda, akiwa ametulia halii. 47. Nikarudia, 46. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40 au zaidi kwa dakika ni anapumua haraka, wale wa miezi 2 mpaka 11 ni 50. Kifua kilikuwa hakibonyei ndani, ikibonyea ndo hatari zaidi, lakini sikusubiri. Nikampigia mama yake, nikachukua bajaji mwenyewe tukakutana zahanati.

Niseme kwa nini siwezi kusubiri. Kituo nilichoanzia kazi, sitakitaja, siku moja mvua kubwa wakaingiza jiko la mkaa kwenye korido na kufunga kila kitu ili watoto wapate joto. Mkaa ukishashika vizuri hauna moshi ndo maana watu wanauamini, kumbe unatoa hewa ya sumu inaitwa kaboni monoksidi, haina rangi haina harufu. Watoto wakaanza kutapika, wakubwa wanasema kichwa, mmoja wa kike tulimtikisa haamki vizuri. Tuliwabeba wote nje kwenye mvua. Alipona, namshukuru Mungu, lakini uzito wake mikononi nausikia mpaka leo.

Saa 9
Zahanati wamesema nimonia, imewahiwa, wamempa dawa ya antibiotiki ya kwenda nayo nyumbani na wakatuambia akishindwa kunyonya au kunywa arudishwe haraka. Kwenye benchi nikamuuliza mama taratibu wanalala vipi. Akasema baba yake ametunza mifuko 6 ya salfa chumbani kwao, anaogopa wezi, na akitoka shamba anamkumbatia mtoto na nguo zilezile. Sikusema salfa ndo imeleta nimonia, sijui hivyo, nimemwambia tu ile ungaunga inakereketa koo na mapafu ya mtu mzima itakuwa ya mtoto. Akalia kidogo. Nikamshika mkono, nikamwambia dada hujakosea, hakuna aliyewahi kukwambia.

Saa 11 jioni
Wa mwisho ameondoka. Nimeanika magodoro juani mpaka jua lilipopungua, nimefunga.

Saa 2 usiku
Ujumbe umeingia kwa mama yake: amekunywa uji nusu kikombe, amelala, baba ametoa mifuko yote kaipeleka kibandani kwa babu na nguo za shamba ataziacha hukohuko. Nimemjibu asante sana mama, mwinue kichwa kidogo akilala na dirisha liache wazi. Kesho asubuhi mapema nampigia tena, nataka nimsikie mwenyewe akiongea.