Jino la Babu

Tulimwita Babu kwa sababu alitembea mikono nyuma, kama mzee anayekagua shamba lake. Alikuwa na miaka sita. Ni mtoto wa dada yangu, na jino lake ndilo lililotudanganya sote.

Mtoto wa umri huo jino likilegea, nyumbani kwetu Arua ni furaha. Mama alimpigia vigelegele. Hakuna aliyejiuliza mbona linalolegea ni gego, ilhali ya mbele yamekaza kama misumari. Zahanati moja ikaling'oa, wiki iliyofuata ikang'oa la pili na kutupa vidonge. Shavu likazidi kuvimba. Mtoto akilala, akiamka limeongezeka, sitii chumvi. Baadaye daktari alinieleza kwamba uvimbe wa aina hii unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili.

Tukapanda basi la Kampala, dada, Babu na mimi. Karibu na Pakwach tembo walikuwa wamesimama kando ya barabara, na Babu akataka dereva asimame awasalimie. Jino la pili lilikuwa mfukoni mwangu, nimelifunga kwenye karatasi. Jino hutupwa juu ya paa, panya alichukue alete jipya, nasi tuliondoka kwa haraka. Kila baada ya mwendo aliniuliza kama ningali nalo.

Hospitali ya Mulago, Kampala, hawakuhangaika kukisia. Walikata kipande kidogo cha uvimbe wakakipima, lakini nilikwisha kuona nyusoni mwao. Ni hapo hapo Mulago alipofanya kazi Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyeandika mwaka 1958 juu ya watoto wenye taya zilizovimba, na saratani hiyo ikapewa jina lake. Taasisi ya saratani yenyewe ipo tangu 1967. Hilo liliniuma, na bado linaniuma: ugonjwa umejulikana dunia nzima kutoka kwetu, na kwetu tunang'olewa meno.

Mwisho wake nautaja hapa, niumalize. Ugonjwa ulirudi baada ya miezi mitatu, ukaingia kichwani. Tulimzika Arua, alasiri, kabla mvua haijaanza.

Ninayoikumbuka ni siku nyingine. Alikuwa amekwisha kutiwa dawa za kwanza mshipani, ametapika mpaka hana cha kutapika. Kisha shavu likaanza kushuka. Halikupungua kidogo kidogo. Liliyeyuka, na kabla ya wiki kwisha jicho lake la kulia lilikuwa limefunguka lote. Dada alimshika kidevu akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua embe sokoni, akaangua kilio.

Babu akaninyooshea mkono. "Mjomba, lete jino langu."

Tukatoka nje. Palikuwa na kibanda cha bati nyuma ya wodi, wanawake wameanika nguo karibu yake. Akarusha, likagonga ukuta. Akarusha tena, likaanguka ndani ya beseni la mtu. Mkono wake ulikuwa bado na plasta ya sindano. Nikamwambia nipe mimi, akakataa. Mara ya nne askari wa lango akaja mbio.

"Nani anatupa mawe hapa?"

"Asalaam aleikum, Afande," Babu akasema, mikono nyuma.

Askari akasimama. Alikuwa mtu mzima, Kiswahili chake cha jeshini, kile cha kukata maneno. Akaitikia salamu. Babu akamweleza yote: gego, basi, tembo, panya. Askari akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akapokea jino kwa mikono miwili. Akalirusha. Tukalisikia likigonga bati, likaviringika, likanyamaza.

"Hakuna kurudi," akasema.

Babu alikuwa bado anatazama juu, amekunja uso.

"Afande, hukumwambia panya kwetu ni wapi."

Askari akanitazama mimi. Nikamtajia. Akarudi hatua moja, akaweka viganja kinywani, akapiga kelele mpaka wanawake wakaacha nguo zao:

"Arua!"